Serumu, damu nzima au damu iliyotenganishwa: umtundikie nini aliyepigwa risasi?

Majeruhi akishushwa kwenye pikipiki, serumu huwa imeshatundikwa kabla hata jina lake halijaulizwa. Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa, na ndugu waliomleta hawataki kuona vingine: mtu anayevuja damu na hana mrija mkononi, machoni pao ametelekezwa. "Doktere, mbona hamumuwekei serumu?" Goma swali hilo tumelizoea, ila jibu lake si jepesi. Kwa mtu aliyetobolewa na risasi, kisu au kipande cha bomu, lita mbili za maji ya chumvi zinaweza kummaliza upesi kuliko kukaa nusu saa na presha ya chini.

Vitu vinavyolinganishwa hapa ni vitatu. Kuna serumu, yaani Ringer lakteti na maji ya chumvi. Kuna damu nzima, kama ilivyotoka kwa mchangiaji. Na kuna damu iliyotenganishwa: chembe nyekundu, plazma na chembe sahani (plaketi, kama tunavyosema kazini), kila moja kwenye mfuko wake. Nawaandikia wauguzi na madaktari wa vituo vya afya na hospitali za Goma na za njia zinazoingia Goma, kutoka Sake, Minova, Rutshuru na Masisi. Namwandikia pia anayepanga bajeti, kwa sababu mara nyingi uchaguzi wa usiku wa leo ulifanyika miezi mitatu iliyopita, siku mtu alipokubali au kukataa kununua mifuko ya kutolea damu. Mwongozo wa wizara na amri ya daktari wa zamu vinabaki juu ya haya yote.

Kabla ya kufungua mfuko wowote

Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivi kinachoziba tundu. Jeraha la mkono au mguu linalorusha damu linafungwa garoti (mkanda wa kubana) juu yake, upande wa kiwiliwili, inakazwa hadi damu ikome, na saa inaandikwa mahali pa kuonekana, hata kwenye paji la uso. Jeraha la kinena, kwapa au shingo haliwezi kufungwa garoti. Hilo unalijaza kompresi (vitambaa vya kufungia vidonda) hadi chini kabisa, kidole kikitangulia kutafuta mahali damu inapobubujika, halafu unabana kwa mikono miwili kwa dakika kadhaa bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu kazi, na kila mtu chumbani anatamani kuchungulia.

Kifua kina ujanja wake. Presha ikiwa chini kwa mtu aliyetobolewa kifuani, huenda chanzo kisiwe damu aliyopoteza bali hewa iliyobanwa upande mmoja, au damu iliyokusanyika kuzunguka moyo. Wa hewa anahitaji sindano na bomba la kifua, wa moyo anahitaji daktari wa upasuaji, na mfuko wa aina yoyote hautachukua nafasi ya vitu hivyo. Msikilize mapafu kwanza.

Tena kuna asidi traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, ambayo wengi hapa tunaijua kwa jina la Exacyl. Utafiti wa CRASH-2 uliotoka mwaka 2010 ulihusu majeruhi 20,211 katika nchi 40, na dawa hiyo ilishusha vifo kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Ni gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuumia. Ikichelewa zaidi ya hapo, vifo vya kutokwa damu vinaongezeka. Kwa anayetoka Masisi, saa tatu zinaweza kwisha barabarani. Dozi ya kwanza itolewe huko huko alikoanzia.

Vigezo

Kila chaguo nimeliuliza maswali yale yale: linafanya nini ndani ya mwili unaovuja, linafika mkononi baada ya muda gani, linadai nini, linaweza kudhuru vipi, na linamfaa nani. Bei sijaipa kichwa chake. Mfuko wa bei nafuu unaotaka friji iwake saa 24 hauwi wa bei nafuu tena ukijumlisha mafuta ya jenereta.

Kipimo cha "imetosha" ni kimoja kwa vyote. Mpaka daktari wa upasuaji afike kwenye mshipa uliokatika, tunatafuta presha (ile namba ya juu) ya kati ya 80 na 90, mapigo yanayoshikika kwenye kifundo cha mkono, na mtu anayejibu akiulizwa jina lake. Ukimpandisha hadi 120 unalisukuma donge dogo la damu lililokuwa limeanza kuziba, na anaanza kuvuja upya. Aliyeumia kichwa hayumo katika hesabu hii: ubongo wake unataka presha ya 110 au zaidi, hata kama tumbo nalo limetobolewa. Mjamzito pia usimwache na presha ya chini, kwa sababu mtoto ndiye wa kwanza kukosa damu.

Serumu

*Mwilini.* Inajaza mishipa, lakini haikai. Saa moja baadaye ni takriban robo yake tu iliyobaki kwenye mzunguko wa damu. Nyingine imehamia kwenye nyama, mapafu na utumbo. Haibebi oksijeni wala haina chochote cha kugandisha damu. Ni maziwa ya Masisi yaliyoongezwa maji njiani: chombo kimejaa, rangi bado nyeupe, lakini jibini haitoki humo.

Ushahidi unaotajwa zaidi ulitoka Houston, Marekani, mwaka 1994. Watu 598 waliotobolewa kiwiliwili, wenye presha isiyozidi 90, waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa serumu tangu kwenye ambulansi, wengine waliwekewa njia ya mshipa lakini serumu ikasubiri hadi chumba cha upasuaji. Walionusurika ni asilimia 62 kwa kundi la kwanza na asilimia 70 kwa la pili. Matokeo hayo yalibadilisha mafundisho duniani, lakini yasomwe kwa makini na sisi tulioko huku. Houston ina ambulansi, barabara za lami, na madaktari wa upasuaji wanaomsubiri majeruhi mlangoni. Utafiti ule haukupima mtu anayekaa saa tano na presha ya 60 nyuma ya pikipiki. Mimi nachukua nusu ya somo lake: usimjaze. Ile nusu nyingine, ya kumnyima kabisa, inategemea umbali wa kisu cha daktari.

*Muda.* Dakika mbili tatu. Hapa haina mshindani.

*Inachodai.* Kateta mbili nene (mirija midogo ya kuingiza mshipani), ya kijivu au ya rangi ya machungwa ikiwezekana, na mfuko uliotundikwa. Haitaki friji wala kipimo, na haiulizi kundi la damu. Ndiyo maana ipo hata kwenye kituo cha mwisho cha barabara.

*Hatari.* Inapunguza nguvu ya damu iliyobaki kuganda. Inampoza mgonjwa pia, maana Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na mfuko uliolala kwenye kabati usiku haufikii joto la mwili hata kwa mbali. Damu iliyopoa haigandi vizuri, hiyo ni sheria ya mwili. Maji ya chumvi yana kloridi nyingi kuliko damu, na lita nyingi zake zinaongeza asidi mwilini. Ringer lakteti ni pole zaidi, ila usiipitishe mrija mmoja na damu, kwa kuwa kalsiamu yake inaweza kugandisha damu humo humo. Serumu ya glukosi asilimia 5 haina kazi hapa. Zile makromolekuli za wanga (serumu nzito zilizotengenezwa kwa wanga), ambazo bado zinaonekana kwenye baadhi ya makabati, Ulaya ilisimamisha kibali chake mwaka 2022 baada ya kuonekana zinaharibu figo na kuongeza vifo kwa wagonjwa mahututi. Ziache.

*Inamfaa nani.* Aliye mbali na damu na mbali na chumba cha upasuaji, kwa vipimo vya mililita 250, ukikagua mapigo na fahamu kila baada ya kila kimoja. Aliyeumia kichwa, wakati damu inatafutwa. Na aliyevuja kidogo tu, jeraha limeshazibwa, ambaye kwa kweli hata bila serumu angepona.

Damu nzima

*Mwilini.* Inarudisha kile kilichomwagika: chembe nyekundu za kubeba oksijeni, plazma na chembe sahani za kuganda, vyote kwa uwiano wa asili. Ikiwa imetoka tu kwa mtu, inaingia ikiwa bado vuguvugu.

Kuna dhana kwamba hii ni njia ya maskini, ya hospitali zisizo na mashine. Historia inasema vingine. Mbelgiji Albert Hustin alitia damu yenye sitrati ya kuzuia kuganda huko Brussels mwaka 1914, na vita vilivyofuata viliendeshwa kwa damu nzima, hadi Vietnam. Miaka ya 1970 hospitali za nchi tajiri zilihamia kwenye damu iliyotenganishwa kwa sababu ya kutunza akiba, wala hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba inamfaa zaidi mtu anayevuja. Jeshi la Marekani lilipokuwa Iraq na Afghanistan lilirudi kuwatoa damu askari wake papo hapo kambini, na leo hospitali kadhaa za Marekani zina damu nzima kwenye friji za chumba cha dharura. Huku kwetu hatujawahi kuiacha.

*Muda.* Ikiwa kwenye friji, robo saa. Ikibidi kumtafuta mchangiaji, kama orodha iko tayari na simu zinapokelewa, hesabu kati ya dakika 45 na saa moja tangu simu ya kwanza hadi tone la kwanza. Kama orodha haipo na unaanza kuwauliza ndugu waliokaa kwenye benchi nani ana kundi gani, saa mbili zinaondoka, na yeye anaondoka nazo.

*Inachodai.* Inadai watu kuliko mashine. Wanahitajika wachangiaji waliokwisha kupimwa kundi, wanaoishi karibu na wasiolipwa: wanafunzi, waumini wa parokia au msikiti, wafanyakazi wa hospitali yenyewe. Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende vinapimwa kila mara, hata kwa mtu aliyepimwa mwezi uliopita, na kwa vipimo vya haraka majibu yanatoka kwa dakika 15 hadi 20. Mifuko yenye kizuia kuganda inahitajika pia. Hayo yote yanapaswa kupitia kituo cha utiaji damu cha mkoa, ili asiyefaa kuchangia leo Kyeshero asichangie kesho Katindo.

Kazi yenyewe ina mikono yake. Mfuko unawekwa chini ya mkono wa mchangiaji, juu ya mizani kama ipo, na mtu anautikisa polepole muda wote damu inapoingia, ili ichanganyike na kizuia kuganda. Umetengenezwa kwa mililita 450. Ukiuacha njiani una sitrati nyingi kuliko damu. Ukiuzidisha, unakuta mabonge chini. Kisha kile kipimo cha mwisho kitandani ambacho usiku wa vurugu kila mtu anashawishika kukiruka: kadi, tone la damu ya mgonjwa safu ya juu, tone la damu ya mfuko safu ya chini, kila moja kwa anti-A na anti-B, vile vimiminika vya kupimia kundi. Unainamisha kadi huku na huku na kutazama. Panapoganda, punje nyekundu zinajitenga na maji yake. Pasipoganda, panabaki laini. Safu mbili zikifanana, fungua mrija. Zisipofanana, hata kama karatasi zinasema sawa, simama.

*Hatari.* Kosa la kundi linaua, na kwa damu nzima kosa ni rahisi zaidi, kwa sababu mfuko una chembe na plazma pamoja. Mtu wa kundi O anayesifiwa kuwa mchangiaji wa wote ana kingamwili dhidi ya A na B ndani ya plazma yake. Chembe zake nyekundu peke yake zinaweza kwenda kwa yeyote. Damu yake nzima inapaswa kwenda kwa O mwenzake, isipokuwa maabara imepima na kukuta kingamwili hizo ni chache. Kisha maambukizi: kipimo cha haraka hakimkamati aliyeambukizwa juma lililopita. Malaria nayo inapita, na mpokeaji akipata homa siku za baadaye aangaliwe kwa jicho hilo.

Kuna na lile la "ndugu" wasio ndugu. Familia ikilazimishwa kuleta wachangiaji usiku, wengine wanakwenda kuokota kijana barabarani na kumlipa, na kijana huyo atakana ugonjwa wowote ili apate pesa yake. Dawa yake ni orodha iliyoandaliwa mapema. Kumhoji mtu kwa ukali saa nane za usiku hakusaidii.

*Inamfaa nani.* Anayevuja sana, ambaye tumbo au kifua kitafunguliwa, katika hospitali yenye daktari wa upasuaji lakini isiyo na plazma. Hospitali nyingi za rufaa za Kivu ziko katika hali hiyo. Inafaa pia siku ambayo friji zimezimika.

Damu iliyotenganishwa

*Mwilini.* Ikitolewa kwa usawa, mfuko mmoja wa chembe nyekundu kwa mmoja wa plazma kwa kipimo kimoja cha chembe sahani, inakaribia damu nzima. Utafiti wa PROPPR wa mwaka 2015, uliofanyika Amerika Kaskazini kwa majeruhi 680, ulilinganisha usawa huo na utaratibu wa kutoa chembe nyekundu maradufu. Vifo kwa jumla havikutofautiana vya kutosha kusema lolote, lakini waliokufa kwa kuishiwa damu ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 9.2 dhidi ya 14.6. Nasema "inakaribia" kwa sababu kila mfuko una maji ya kuhifadhia. Ukivichanganya vitatu tena, hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, inashuka hadi kwenye 29 hivi, wakati damu nzima haipungui 38.

Mara nyingi tunapolisema jina hili tunamaanisha kitu kingine: chembe nyekundu peke yake, bila plazma. Mifuko sita ya chembe nyekundu mfululizo inamrudishia mgonjwa rangi ya ulimi na hemoglobini nzuri kwenye karatasi, huku damu ikitoka kwenye kila tundu la sindano bila kuganda. Kwa upande wa kuganda, umempa serumu nyekundu.

*Muda.* Chembe nyekundu za kundi O kutoka kwenye friji ni dakika chache tu, na hapa zinaipita damu nzima. Plazma iliyogandishwa inayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa takriban nusu saa, kwa hiyo iagizwe mgonjwa akiwa bado njiani.

*Inachodai.* Mashine ya kuzungusha, friji ya nyuzi 2 hadi 6, friza ya chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa chembe sahani, sehemu ya nyuzi 20 hadi 24 inayotikiswa mchana na usiku kwa akiba inayodumu siku tano tu. Vyote vinakula umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma na umeme ukakatika mjini, majeruhi walikuwa wakimiminika hospitalini saa zile zile. Mwenye friza alikuwa na jenereta, au hakuwa na friza.

Ila tuitendee haki. Mfuko mmoja wa damu ukitenganishwa unasaidia zaidi ya mtu mmoja. Mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu anahitaji chembe nyekundu tu. Kumpa damu nzima ni kumzidishia maji na kuitumia vibaya plazma ambayo ingemfaa mama anayevuja baada ya kujifungua. Chembe nyekundu zinadumu hadi siku 42 kwenye maji yake maalumu, damu nzima hadi 35. Katika mji wenye benki ya damu inayohudumia hospitali nyingi, hesabu hiyo si ndogo.

*Hatari.* Maambukizi ni yale yale, lakini yanazidishwa: mifuko mitatu kutoka kwa watu watatu ni milango mitatu. Friji iliyozimika na kuwaka usiku bila mtu kujua inaacha mifuko inayoonekana mizima. Na damu baridi ikiingizwa kwa kasi inampoza mgonjwa, ndipo mtu anakumbuka beseni la maji ya moto. Usifanye. Maji yakizidi nyuzi 42 yanapasua chembe, na unatundika sumu. Maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto, mfuko ukiwa mkavu milangoni pake, yanatosha.

*Inamfaa nani.* Hospitali kubwa ya mjini yenye umeme wa uhakika, friza inayofanya kazi kweli, na maabara isiyolala. Na mgonjwa ambaye damu imeshazuiwa, anayehitaji kuongezewa hemoglobini tu.

Mawili ya pembeni

Damu iliyomwagika ndani ya kifua inaweza kukusanywa safi kwenye chupa yenye kizuia kuganda, ikachujwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Haina swali la kundi wala maambukizi mapya, na kwa aliyetobolewa kifua peke yake ni zawadi. Tumboni uwe mwangalifu: risasi ikipitia utumbo, damu ile ina kinyesi, na haifai.

La pili ni kalsiamu. Sitrati ya kwenye mifuko inaishika kalsiamu ya mgonjwa, moyo unalegea na damu inagoma kuganda. Mtu mzima apewe mililita 30 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, polepole, kwenye mshipa usiopitisha damu, tangu mfuko wa kwanza au mara tu unapokwisha. Ampuli hizi huwa zipo kabatini kwa ajili ya akina mama wanaopewa magnesiamu. Tatizo letu ni kuzisahau.

Kwa hali yako

Uko hospitali ya mjini yenye plazma na chembe nyekundu: anza na chembe nyekundu za O huku plazma inayeyuka, kisha endelea kwa usawa, mfuko wa chembe nyekundu kwa mfuko wa plazma. Plazma ikiisha, usiendelee na chembe nyekundu peke yake kama hakuna kilichotokea. Ita wachangiaji wa damu nzima mapema, wakati bado una mifuko miwili.

Uko hospitali ya rufaa yenye bloku (chumba cha upasuaji) na daktari wa upasuaji, lakini friji ina mifuko michache au haina kitu: damu nzima ndiyo njia yako. Piga simu kwa wachangiaji wa kundi lake dakika ile ile unapoona jeraha, usisubiri hemoglobini. Hemoglobini ya kwanza ya mtu aliyetoboka nusu saa iliyopita inaweza kuwa nzuri kabisa, kwa sababu iliyobaki ndani bado haijachanganywa na maji. Na upasuaji usisubiri damu. Anayevuja tumboni anahitaji mkono wa daktari kwenye mshipa, damu itamkuta mezani.

Unapanga bajeti na umeme wako ni wa mashaka: fedha ya friza nakushauri uiweke kwanza kwenye mifuko ya kutolea damu, vipimo vya haraka, kadi za kupimia kundi, na mtu mmoja mwenye kazi ya kuitunza orodha ya wachangiaji. Umeme ukitulia, rudi kwenye suala la friza. Ukiwa na umeme wa saa 24 na wagonjwa wengi wa upungufu wa damu, hesabu inageuka.

Majeruhi ni wengi kwa wakati mmoja, jinsi hospitali ya CBCA Ndosho, inayofanya kazi na madaktari wa upasuaji wa CICR (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu), ilivyoelemewa mapema mwaka 2025: damu inakwenda kwa anayeweza kuokolewa kwa mifuko michache na upasuaji mfupi. Hili ni gumu kulisema mbele ya familia. Liamuliwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, asiachiwe muuguzi anayeshika mfuko.

Mgonjwa ni mtoto: fikiri kwa kilo. Mililita 10 hadi 20 za damu kwa kila kilo, kisha angalia upya. Watoto wanashikilia presha kwa muda mrefu na kuanguka ghafla, kwa hiyo usiongozwe na tansyo (presha) peke yake. Mapigo ya haraka, miguu baridi na usingizi usio wa kawaida vinatangulia.

Uko kituo cha afya, bila damu, na Goma ni kilomita 25 kutoka Sake au 70 hivi kutoka Rutshuru: ziba, funga, mfunike blanketi, mpe Exacyl, weka kateta mbili. Akijibu jina lake na mapigo ya mkono yakishikika, serumu ibaki imefungwa na gari liondoke. Mapigo yakipotea au akianza kuzubaa, mililita 250 za Ringer, kagua, rudia ikibidi. Ndugu wakiuliza kwa nini serumu haitiririki, waambie kwamba maji yanaifungua damu iliyoanza kujifunga. Wengi wanaelewa wakielezwa. Ndugu wawili wenye afya wapande gari lile lile, maana huenda kundi lao likafaa. Na kabla dereva hajawasha gari, simu iwe imeshafika bloku: jeraha liko wapi, ameumia saa ngapi, garoti imefungwa saa ngapi, Exacyl imeingia saa ngapi, na kundi lake la damu kama mmelipima.